Tiba za macho za siku hizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wagonjwa wa Kanda ya Ziwa

Mimi ni mnasihi kwenye kliniki ya macho hapa Mwanza. Kazi yangu ni kukaa na mgonjwa kabla na baada ya kuonana na daktari. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa na watu wa Ukerewe, Sengerema, Magu, Geita na hapa mjini, hasa wale waliosikia redioni habari za leza na kompyuta zinazosoma macho na wanataka kujua lipi kati ya hayo linawahusu.

Kuna matone mapya ya kuyeyusha mtoto wa jicho?

Hakuna. Si hapa, si Dar es Salaam, si Ulaya. Anayekuuzia kichupa kwa maelezo hayo anakula hela yako, na wewe unapoteza miezi.

Mtoto wa jicho ni lenzi yako ya kuzaliwa nayo, ile iliyo nyuma ya mboni, ambayo imepoteza uangavu wake. Tiba ni kuitoa na kuweka nyingine ya bandia mahali pake. Aliyeanzisha jambo hilo ni Harold Ridley, huko London, tarehe 29 Novemba 1949. Alikuwa amewatibu marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki vya madirisha ya ndege machoni, akaona jicho linaivumilia plastiki ile bila kuvimba. Madaktari wenzake walimpinga miaka mingi. Leo ni miongoni mwa upasuaji unaofanyika kwa wingi zaidi duniani.

Nimeambiwa kuna upasuaji wa mkono na wa mashine. Wa mashine si ndio bora?

Swali hili huja na wasiwasi kwamba maskini anafanyiwa wa kizamani. Nitalijibu kwa kirefu.

Upasuaji wa mkono unaofanyika sasa ni wa tundu dogo. Daktari anachana pembeni ya jicho mkato wa milimita 6 au 7 kwa mshazari, kiasi kwamba mkato unajifunga wenyewe bila uzi. Lenzi chafu inatolewa nzima, mpya inaingizwa. Ule wa mashine unatumia mkato wa milimita 2 au 3 tu. Kijisindano kinachotetemeka kwa kasi kubwa huivunjavunja lenzi na kuinyonya, kisha lenzi mpya huingizwa ikiwa imekunjwa na kujikunjua ndani.

Mashine ina faida zake. Kidonda ni kidogo, jicho hutulia mapema, na uhitaji wa miwani ya mbali huwa mdogo kidogo. Lakini mtoto wa jicho wa watu wetu mara nyingi ni mgumu na mweupe kabisa kwa sababu tumechelewa kuja, na lenzi ngumu inaisumbua mashine. Mwaka 2007 madaktari wa Nepal walichapisha ulinganisho wa njia hizi mbili kwa wagonjwa wenye lenzi ngumu za namna hiyo. Baada ya miezi sita uoni wa makundi yote mawili ulikuwa mzuri sawasawa, na ule wa mkono ulichukua muda mfupi na gharama ndogo. Kwa hiyo usiulize mashine. Muulize daktari hii njia yeye anaifanya mara ngapi kwa wiki.

Wazee wanasema lazima aive kwanza.

Ilikuwa kweli zamani, lenzi ilipokuwa ikitolewa nzima na ngozi yake na mgonjwa anapewa miwani minene kama kitako cha chupa. Siku hizi unafanyiwa pale uoni unapoanza kukukwamisha: huoni sura ya mtu ng'ambo ya barabara, unakosea hela ya chenji, unaogopa ngazi za kivuko. Ukisubiri aive sana, lenzi inaweza kuvimba na kuleta presha kali ya jicho, na hapo upasuaji unakuwa wa hatari zaidi.

Kwa nini mnapima urefu wa jicho kabla ya upasuaji?

Kwa sababu lenzi ina namba kama miwani. Zamani kwenye kambi za upasuaji kila mtu aliwekewa namba ileile ya wastani, na wapo waliotoka pale wakiona ukungu mpaka wapewe miwani. Kipimo hiki ni cha dakika chache na hakiumi. Kama umepangiwa upasuaji na hukupimwa, uliza.

Nilipasuliwa miaka miwili iliyopita, sasa ukungu umerudi.

Mtoto wa jicho harudi. Kilichochafuka ni utando mwembamba ulioachwa makusudi kuishikilia lenzi mpya. Unatobolewa kwa leza, umekaa kwenye kiti, bila kuchanwa, na siku hiyohiyo unarudi nyumbani.

Nina presha ya macho. Nitatumia matone mpaka kufa?

Hapa ndipo habari mpya zipo, na nyingine zimetoka kwetu.

Kwanza tuelewane: presha ya macho, au glakoma, haihusiani na ile presha inayopimwa mkononi. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa na kutolewa muda wote. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanajaa, mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa pole pole. Unaanza kufa pembeni, kwa hiyo mgonjwa haoni tofauti mpaka amebakiwa na tundu la katikati. Hakuna maumivu kwa aina iliyo ya kawaida kwetu. Kilichokwisha kupotea hakirudi kwa dawa, leza wala upasuaji, na mtu yeyote anayekuahidi kinyume cha hapo mkimbie.

Miaka mingi tiba ya kwanza ilikuwa matone ya kila siku. Matone yanafanya kazi, ila mgonjwa wetu anatumia kichupa kimoja, kinaisha, duka la dawa la kijijini hawana, nauli ya kuja mjini hana, na kwa kuwa haumwi anaona bora liende. Sioni kama huo ni uzembe. Kununua dawa kila mwezi maisha yote kwa ugonjwa usiouma ni mtihani kwa mtu yeyote.

Madaktari wa hospitali ya KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa nje, waliwachukua wagonjwa 201 wa glakoma. Kundi moja likapewa matone ya timolol pamoja na unasihi wa kuyatumia, jingine likapigwa leza inayoitwa SLT. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho ya kundi la leza, na asilimia 31 ya macho ya kundi la matone. Baadhi ya macho ya leza ilibidi yarudiwe mara ya pili. Uingereza nako, utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya macho yaliyoanza na leza yalikaa miaka mitatu bila kuhitaji matone.

Leza yenyewe ni ya dakika chache. Unatiwa ganzi ya matone, unaweka kidevu kwenye mashine, daktari anakuwekea kioo kidogo juu ya jicho, unaona vimulimuli vya kijani na kusikia tiktik. Nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo kurudi kupimwa ni lazima. Haimfai kila mtu, na presha iliyopanda sana au mshipa ulioharibika vibaya huenda ikahitaji upasuaji moja kwa moja. Lakini mgonjwa wa presha ya macho anayesoma hapa ana haki ya kumuuliza daktari wake: "Je, mimi nafaa kwa leza, na inapatikana wapi karibu?"

Na ndugu zako wa tumbo moja walete wapimwe. Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo.

Nina pumu. Matone ya presha yananihusu nini?

Yanakuhusu sana. Timolol huingia kwenye damu kupitia pua, na inaweza kumbana mtu mwenye pumu au kupunguza mapigo ya moyo. Mwambie daktari kabla hajaandika dawa. Kwa wote wanaotumia matone: tone moja linatosha, fumba jicho, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika mbili. Dawa inabaki jichoni, na kichupa kinadumu.

Nina kisukari lakini naona vizuri. Kuna haja ya kupimwa macho?

Ndiyo, kila mwaka, na hasa wewe unayeona vizuri. Sukari inaharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Unapoanza kuona madoa meusi yanaelea, mambo yameshafika mbali.

Kilichobadilika ni namna ya kupima. Zamani ilibidi daktari bingwa akuangalie mwenyewe, na mabingwa ni wachache. Sasa kuna kamera inayopiga picha ya nyuma ya jicho, na mtu aliyefundishwa kuitumia anaweza kuwa muuguzi. Picha inasomwa na daktari aliye mbali, au na kompyuta iliyofundishwa kwa maelfu ya picha. Aprili 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mfumo wa kwanza unaotoa jibu lenyewe bila daktari kuitazama picha. Jirani zetu Rwanda wamejaribu kompyuta ya namna hiyo kwenye kliniki za kisukari, na waliopewa jibu papo hapo walijitokeza zaidi kwenye rufaa kuliko walioambiwa wasubiri majibu siku nyingine. Hilo kwangu ndilo la maana zaidi. Jibu ukilipata umekaa kitini, unaondoka na tarehe mkononi.

Lakini tusidanganyane. Google walipoupeleka mfumo wao kwenye kliniki za Thailand, picha zaidi ya moja kwa kila tano zilikataliwa na kompyuta kwa sababu vyumba vilikuwa na mwanga mwingi au picha hazikutoka vizuri. Kituo ambacho pazia la dirisha ni kitenge na umeme unakatika saa nne asubuhi kitakutana na shida hizohizo.

Sindano ndani ya jicho? Kweli?

Kweli, na watu wengi wakishachomwa mara ya kwanza husema waliogopa bure. Jicho linatiwa ganzi, linasafishwa kwa iodini, sindano nyembamba sana inaingia kwenye sehemu nyeupe, basi. Dawa inazuia mishipa mibovu kuota na kuvuja, kwa wenye kisukari na kwa baadhi ya wazee ambao katikati ya retina imechakaa.

Iliyo nafuu ni bevacizumab, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo mpana. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho mwaka 2013. Kichupa kimoja kinagawanywa dozi nyingi ndogo, ndiyo maana kliniki nyingi hukusanya wagonjwa siku moja. Mgawanyo huo lazima ufanywe katika usafi wa hali ya juu, kwa hiyo usikasirike ukiambiwa usubiri siku ya sindano. Zipo dawa mpya zaidi, kama aflibercept, na faricimab iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022, ambazo zinaweza kukaa muda mrefu kati ya sindano na sindano. Bei yake ndiyo kikwazo. Kwa kisukari, utafiti wa Marekani wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba mgonjwa ambaye uoni wake haujashuka sana anapata faida ileile kwa dawa ya bei nafuu. Aliyeshuka sana ndiye alifaidika zaidi na aflibercept. Mtu asikuambie bila ya ghali huponi.

Moja haitoshi. Wengi huanza na sindano ya kila mwezi kwa miezi kadhaa. Panga nauli kabla ya kuanza.

Kwenye picha ya simu jicho moja la mtoto wangu linang'aa jeupe.

Usisubiri wiki ijayo. Mlete kesho.

Flashi ya simu ikipiga usoni, mboni huonekana nyekundu au nyeusi zote mbili. Moja ikirudisha weupe, inaweza kuwa mtoto wa jicho wa kuzaliwa nao, au saratani ya retina iitwayo retinoblastoma, ambayo huwapata watoto chini ya miaka mitano. Kwenye nchi tajiri zaidi ya asilimia 95 ya watoto hawa wanapona, kwa sababu wanafika mapema. Tiba ipo: dawa za saratani, leza, kugandisha uvimbe kwa baridi, na wakati mwingine kutoa jicho ili mtoto aishi. Kina mama ndio wanaoligundua, na mara nyingi wanaambiwa "atakua litaisha". Haliishi. Kama zahanati imekurudisha nyumbani, chukua ile picha na uje nayo.

Makengeza kwa mtoto aliyezidi miezi sita nayo yaangaliwe, kwa sababu hiyohiyo.

Mtoto wangu alizaliwa njiti.

Njiti walio wadogo sana, hasa waliowekwa kwenye oksijeni, wachunguzwe retina kuanzia kama wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Uliza kabla ya ruhusa ya kutoka wodini.

Mimi ni mvuvi. Kuna kinyama kinaota kwenye jicho.

Mara nyingi ni kinyama cha kawaida cha jua, upepo na vumbi. Ziwa linarudisha mwanga usoni, kwa hiyo unapigwa juu na chini. Kinyama hiki hukua kwa miaka, kwa umbo la pembetatu kutoka upande wa pua. Kikikaribia mboni kinaondolewa, na siku hizi sehemu iliyobaki wazi hufunikwa na ngozi nyembamba iliyotolewa kwenye jicho hilohilo, maana kikikatwa tu na kuachwa hurudi mara nyingi.

Kinachonitia hofu ni kile kinachokua kwa wiki au miezi, chenye weupe wa magamba au kinachotoka damu. Hicho kinaweza kuwa saratani ya juu ya jicho, ambayo Afrika Mashariki ipo kwa wingi, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI, na watu wenye ualbino nao wasiichukulie kirahisi. Kenya walifanya utafiti uliochapishwa 2016: baada ya kukata, nusu ya wagonjwa walitumia matone ya dawa ya saratani iitwayo fluorouracil kwa wiki nne. Kati ya hao ilirudi kwa asilimia 11. Kwa wasiotumia, asilimia 36. Dawa ni ya zamani na bei yake si ya kutisha. Kinyama chochote kilichokatwa kipelekwe maabara, hata kama daktari ana uhakika nacho.

Kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua vinasaidia. Wavuvi wa sangara hucheka nikisema hivyo, kisha wananiuliza inauzwa bei gani.

Nimechomwa na mwiba wa sato jichoni. Nianze na matone ya duka la dawa?

Hapana. Usikamue, usiutoe mwenyewe, njoo. Kidonda kwenye kioo cha mbele cha jicho kinaweza kuliharibu jicho ndani ya siku mbili. Huku kwetu fangasi ni wengi, hasa kwa walioumizwa na majani, mabua ya mahindi au mpunga, na fangasi hawasikii antibaiotiki. Dawa yao bora ni natamycin, iliyoingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia mwaka 2017.

Matone ya dukani yenye steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, kwa mfano deksamethasoni, ndiyo ninayoyaogopa. Jicho linapoa wekundu siku ya kwanza, unashukuru, huku fangasi wanakula chini kwa chini. Yakitumiwa miezi, yanaleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Soma jina kwenye kichupa. Maziwa ya mama, mkojo na majani yaliyosagwa ni hivyohivyo. Nimeona macho yaliyokuja na kidonda kidogo yakaishia kuwa na kovu la kudumu.

Macho mekundu yakilipuka mtaani?

Kama ule mlipuko wa Januari 2024, ni virusi. Nawa mikono, usishiriki taulo, kanda kwa maji safi ya baridi. Uoni ukififia au mwanga ukiuma sana, njoo.

Sioni tundu la sindano ya kushonea nyavu. Ni mtoto wa jicho?

Kama umevuka miaka 40 na mbali unaona, ni umri. Miwani ya kusomea inatosha. Naitaja kwenye ukurasa wa tiba mpya kwa sababu utafiti wa Bangladesh uliotoka 2024 ulipima kitu ambacho wengi hawakipimi: kipato. Watu wa kazi za mkono vijijini waliopewa miwani hiyo, kipato chao cha katikati kilipanda kutoka dola 35 hivi kwa mwezi hadi 47. Sijui leza gani inaweza kufanya hivyo. Fundi nyavu wa Mwaloni, mshona nguo, mama anayechambua dagaa, wote wanaacha kazi miaka mingi kabla ya wakati kwa kukosa vioo viwili. Ila pimwa kwanza, maana presha ya macho inagunduliwa hapohapo.

Mwanangu ana seli mundu. Mwingine ana ualbino.

Mwenye seli mundu achunguzwe retina kuanzia kama miaka 10, na akipigwa jichoni damu ikaingia ndani, hiyo ni dharura hata kama haumwi. Mwenye ualbino apimwe miwani mapema, apewe lenzi za kukuza maandishi, akae mbele darasani. Uoni wake hafifu hautaondolewa na miwani, lakini tofauti ya kusoma na kutosoma ubaoni mara nyingi iko hapo.

Nimesikia kuna jicho la kupandikiza na dawa ya jeni.

Kinachopandikizwa kwa manufaa ni kioo cha mbele, kutoka kwa mtu aliyefariki. Jicho zima lilipandikizwa New York mwaka 2023. Liko hai, lakini halioni. Dawa ya jeni iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2017 inatibu hitilafu ya jeni moja tu, na ilitangazwa kwa dola 425,000 kwa jicho. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya kijichipu cha milimita mbili kinachowekwa chini ya retina ya wazee waliopoteza uoni wa katikati: kati ya 32 waliomaliza mwaka, 26 uoni wao uliongezeka vya kutosha. Ni hatua kubwa. Kwa mgonjwa wa Misungwi leo, bado ni habari ya kusoma.

Niuze ng'ombe niende India?

Kwa mtoto wa jicho, hapana. Kwa presha ya macho, hapana. Anza na hospitali za hapa Mwanza, Sekou Toure au Bugando, na kama kinachohitajika hakipo, ziko KCMC ya Moshi, na CCBRT na Muhimbili za Dar es Salaam. Kwa retina iliyong'oka, swali si nchi gani bali siku ngapi zimepita. Kabla hujauza chochote, omba maandishi: ugonjwa unaitwaje, mshipa umeharibika kiasi gani, tiba inatarajiwa kurudisha nini. Kama jibu la mwisho ni "hakuna", ng'ombe wabaki zizini.

Siku ya kliniki nije na nini?

Njoo na dawa zote unazotumia, vichupa vyenyewe, hata vya kienyeji. Miwani ya zamani. Kadi ya bima na cheti cha rufaa kama unacho. Njoo na mtu, kwa sababu utatiwa matone ya kutanua mboni na utaona ukungu wa karibu kwa saa kadhaa, na jua la Mwanza litakuchoma macho. Waendesha bodaboda wanabisha sana hapa. Pikipiki iache nyumbani, panda daladala.